Breki Inayozama Bila Kuvuja: Kisa cha Volkswagen ya 1966 Mjini Malindi

Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1966 ililetwa na malalamiko matatu, na mwenyewe aliyahesabu kuwa ni matatizo matatu yasiyohusiana. La kwanza: akisimama kwenye makutano ya Barabara ya Lamu, mguu ukiwa umetulia juu ya pedali, pedali huteremka polepole mpaka ikakaribia sakafu. Akiachia na kukanyaga tena inapanda na kushika kama kawaida. La pili aliambiwa na vijana wa tuktuk waliokuwa nyuma yake: "Mzee, taa zako za breki haziwaki!" Gereji wakizipima, zinawaka. La tatu ndilo lililomtia hofu. Akienda Watamu kwa binti yake, akikaribia Gede gari linakuwa zito, linajishika lenyewe, na magurudumu yanatoa harufu ya kuungua. Akiegesha kivulini kwa muda linaachia, naye anaendelea na safari.

Mwenye gari ni mwalimu mstaafu, na kila mtu hapa humwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Gari amelitunza vizuri kwa macho: rangi safi, viti vimeshonwa upya, injini ya 1285 cc inawaka kwa mguso mmoja ingawa umeme wake bado ni wa volti 6. Wazee wa rika lake wana imani kubwa na gari hili, na imani hiyo haikutoka hewani: Volkswagen ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, ikarudia 1957 na tena 1962, wakati nusu ya barabara zetu zilikuwa vumbi na nusu tope. Lakini ushindi wa barabarani hausemi lolote kuhusu raba iliyokaa ndani ya silinda ya breki katika hewa ya pwani kwa miaka ambayo hakuna anayeikumbuka idadi yake.

Kabla halijanifikia, gari lilikuwa limepita mikono kadhaa. Fundi mmoja alisema ni hewa iliyoingia kwenye mafuta, akalibidi breki, yaani akaitoa hewa hiyo. Mwingine akabadilisha silinda ndogo za magurudumu ya mbele. Ikafungwa breki shuu mpya, vile vipande vinavyobana dramu, ngoma inayozunguka na gurudumu. Ikabidiwa tena. Na baada ya kila kazi pedali ilipanda kidogo kwa muda, kisha ikarudi palepale. Fundi wa mwisho "alirekebisha pedali", kwa maneno ya Mwalimu, na kweli ikapanda. Nilipomuuliza gari lilianza lini kujishika njiani, alifikiri kidogo akasema, "Ni kama tangu pale pale iliporekebishwa pedali." Jibu hilo nililiweka kando mpaka nilipokuwa chini ya gari.

Kilichowapoteza wote ni kikopo cha mafuta ya breki. Hakikupungua. Mwalimu alikuwa na alama ya wino ubavuni mwake, na mafuta yalisimama kwenye alama hiyo wiki hadi wiki. Mafuta hayapungui, basi hakuna panapovuja; hakuna panapovuja, basi ni hewa. Hesabu hiyo inaonekana sawa, ila ina tundu moja: mafuta yanaweza kuvuja ndani kwa ndani, yakatoka upande mmoja wa raba na kuingia upande wa pili, kisha yakarudi kwenye kikopo kilekile yalikotoka.

Katika magari mengi masta silinda, yaani silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni, iko juu, mbele ya dereva, na ukifungua bonneti unaiona. Ya Beetle imefichwa chini, nyuma ya gurudumu la mbele, upande wa dereva, na inasukumwa moja kwa moja na fimbo fupi inayotoka kwenye pedali. Hakuna busta ya kusaidia mguu. Kikopo kiko mbali nayo, kwenye buti ya mbele nyuma ya tairi la akiba, na paipu nyembamba ndiyo inayoteremsha mafuta. Gari hili la 1966 lina njia moja tu ya breki: masta moja, pistoni moja, mafuta ya magurudumu yote manne kutoka chumba kimoja.

Ndani ya chumba hicho, pistoni ikiwa imerudi nyuma kabisa, kuna kitundu kidogo sana kinachokuwa wazi kati ya silinda na kikopo. Ukikanyaga, raba ya mbele ya pistoni inakipita kitundu na kukifunga, na kuanzia hapo mafuta hayana pa kwenda ila kwenye magurudumu. Ukiachia, raba inarudi nyuma, kitundu kinafunguka, na mafuta yaliyovimba kwa joto yanapata njia ya kurudi. Malalamiko yote matatu ya Mwalimu yalikuwa katika raba hiyo na kitundu hicho.

Pedali inayokwenda chini ina sababu chache, na kila moja ina tabia yake. Breki shuu zikiwa mbali na dramu, pedali inasafiri safari ndefu lakini mwisho wake ni mgumu na haizami tena. Hewa ikiwemo, pedali ni laini kama sponji, ukipampu inapanda, na mguu unahisi kitu kinachobonyea. Mafuta yakivuja nje, kikopo kinasema, au ukuta wa ndani wa tairi unasema. Raba ya masta ikipitisha, pedali inakuwa ngumu kiasi mwanzoni, halafu inaondoka taratibu chini ya mguu uliotulia. Ukiachia na kukanyaga upya inapanda, kwa sababu kila mkanyago unaanza na raba iliyorudi nyuma.

Hapa ndipo mguu wa fundi unapodanganya. Wengi wetu hupima breki kwa kukanyaga kwa nguvu zote, tukishikilia huku tumekunja uso. Raba ya breki ina mdomo, na mdomo huo umeundwa ili mafuta yenyewe yaubane kwenye ukuta wa silinda: mgandamizo ukizidi, mdomo unabana zaidi. Kwa hiyo raba iliyochoka inaweza kusimama imara chini ya mguu mzito, kisha ikapitisha mafuta chini ya mguu mwepesi. Mwalimu hukanyaga kwa upole, kama mtu mwenye gari lake na asiye na haraka. Fundi hukanyaga kwa nguvu. Ndiyo maana yeye aliona kasoro na wao hawakuiona.

Nilikaa kwenye kiti, injini imezimwa, nikaweka uzito wa mguu tu bila kusukuma. Pedali ikaanza kuteremka. Nikakanyaga kwa nguvu, ikasimama. Nikalegeza, ikaanza tena safari yake. Kijana mmoja wa gereji alikuwa anaangalia ndani ya kikopo kwa tochi. Mafuta kuchezacheza mwanzo kabisa wa mkanyago ni kawaida, maana kitundu hakijafungwa bado. Lakini aliona mafuta yakiendelea kusukasuka wakati pedali ilikuwa imeshapita nusu ya safari, na hapo hayakupaswa kuwa na njia ya kurudi juu.

Taa za breki zikajieleza zenyewe. Kwenye gari hili swichi ya taa haiko kwenye pedali. Imefungwa kwenye masta silinda na inawashwa na mgandamizo wa mafuta. Mgandamizo usipojengeka, taa haiwaki hata kama pedali imeteremka. Gereji wakikanyaga kwa nguvu, taa zinawaka na swichi inasifiwa. Barabarani Mwalimu akigusa kwa upole, kijana wa tuktuk haoni kitu. Kama ningekuwa na dalili moja tu ya kuchagua katika kisa hiki, ningechagua hii, kwa sababu inatoka kwa mtu aliyekuwa nyuma ya gari na asiyejua lolote kuhusu breki.

Bado ilibidi kuthibitisha, maana masta silinda ya gari la zamani si kitu cha kuagiza kwa kukisia. Mafuta ya kikopo yalikuwa meusi. Kwanza nilitaka kujua kama kuna mtu aliyewahi kumimina mafuta ya injini au ya hidroliki humo, jambo linalotokea zaidi ya tunavyopenda kukiri, na ambalo huvimbisha kila raba ya mfumo mzima. Kipimo chake ni rahisi: tone la mafuta hayo ndani ya glasi ya maji. Mafuta ya breki ya kawaida yanachanganyika na maji na kupotea. Mafuta ya injini au ya hidroliki yanaelea juu yakimetameta. Yalichanganyika. Weusi ulikuwa wa raba iliyosagika na kutu. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa, kwa sababu kama yangeelea, tungekuwa tunazungumzia kubadilisha raba zote mpaka hosi.

Kipimo cha mwisho kilikuwa kuitenga masta. Paipu zote zinazotoka kwenye masta zilifunguliwa na matundu yake yakazibwa kwa vizibo vya chuma vya hesabu ileile, yaani meno yaleyale ya skrubu. Sasa hakuna gurudumu, hakuna hosi, hakuna hewa ya nyuma. Kuna masta peke yake. Kama ni nzima, pedali inakuwa ngumu kama ukuta na haisogei. Yetu ilizama, tena ikateremka kwa kasi ileile.

Lile la tatu, gari kujishika njiani, nililipima barabarani kabla ya kufungua paipu hizo, kwa kuwa ukishafungua unapoteza ushahidi. Tuliliendesha upande wa Gede mpaka likaanza kuwa zito. Dramu zote nne zilikuwa moto kwa kiasi kinachokaribiana. Hilo peke yake linaondoa mengi: hosi iliyovimba ndani hushika gurudumu moja, waya wa hendibreki uliokwama hushika ya nyuma tu. Zikishika zote nne, tafuta mahali ambapo zote nne zinakutana. Nilifungua kidogo skrubu ya kutolea hewa ya gurudumu moja la nyuma, na mafuta yakaruka kwa nguvu ilhali hakuna aliyekuwa amekanyaga pedali. Gari likaachia palepale. Kulikuwa na mgandamizo uliofungiwa ndani ya paipu usio na njia ya kurudi kwenye kikopo.

Chini ya gari niliishika fimbo ya pedali kwa vidole. Inapaswa kuwa na mchezo wa takriban milimita 1 kati ya ncha yake na pistoni, ambao kwenye uso wa pedali unaonekana kama milimita 5 hadi 7 za mguu kabla ya kuhisi chochote. Hapakuwa na mchezo wowote. Fimbo ilikuwa imerefushwa mpaka inaibana pistoni hata pedali ikiwa juu. Nati yake ilikuwa na alama mpya za spana.

Hilo ndilo "rekebisho la pedali". Fundi aliona pedali inakwenda chini, akapunguza umbali kwa kurefusha fimbo, na pedali ikapanda kweli. Lakini raba sasa ilikuwa imesogezwa mbele daima, ikikaa juu ya kitundu cha kurudishia au ukingoni mwake. Gari likiwa baridi, unaweza usihisi kitu. Ukiendesha, breki zikipata joto, mafuta yanavimba na hayapati njia, yanasukuma breki shuu kwenye dramu, dramu zinaongeza joto, joto linavimbisha mafuta zaidi. Mduara huo unaisha tu gari likisimama na kupoa. Fundi huyo hakuwa mtu wa hila, alitibu alichokiona. Ila kama tungefunga masta mpya na kuiacha fimbo ile, Mwalimu angefika Gede na kusimama palepale, na lawama zingeiendea masta mpya.

Kuitoa kulikuwa kazi ya kutu kuliko ya akili. Waya za swichi zilitolewa kwanza, mafuta ya kikopo yakavutwa kwa bomba la sindano, gari likainuliwa na kuwekwa juu ya vigingi vya chuma, wala si juu ya jeki peke yake. Nati za paipu ndizo zinazotaka subira. Hewa ya chumvi ya huku huzishika pamoja na paipu, ukizungusha nati paipu nayo inazunguka na kukatika. Zilipakwa mafuta ya kulainisha kutu na kuachwa usiku kucha, kisha zikafunguliwa kwa spana maalumu ya paipu inayoshika pande nyingi za nati. Spana ya kawaida ya mdomo wazi ingezila pembe zake. Boliti mbili zinazoshikilia masta zilitoka bila ugomvi.

Kwenye jiliwa, baada ya kutoa kifuniko cha raba na pete ya kushikilia, pistoni ilitoka na majimaji ya rangi ya kahawa. Raba kuu ilikuwa na mikwaruzo kwenye mdomo, upande wa chini zaidi ya juu. Ukuta wa silinda ndio ulioeleza kwa nini. Sehemu ambayo pistoni husafiri kila siku ilikuwa inang'aa. Mbele yake, eneo ambalo raba haifiki katika matumizi ya kawaida, kulikuwa na ukanda wa kutu na vishimo, hasa upande wa chini.

Ukanda huo ndio kiini cha kisa, na ndipo ninapotaka fundi mwenzangu asome polepole. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya maji kutoka hewani. Ndiyo tabia yake, si ubovu. DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa kavu na 155 ikiwa na maji kiasi hicho. Huku kwetu, kati ya bahari na masika, mafuta yanayokaa miaka bila kubadilishwa hayabaki makavu. Na maji hayo hayaishii kwenye kuchemka. Yanakula chuma cha silinda mahali palipotulia, pale ambapo hakuna raba inayopita na kupafuta kila siku.

Sasa fikiria fundi anayebidi breki kwa njia tuliyofundishwa wengi: mmoja anapampu, mwingine anafungua skrubu, na kila skrubu inapofunguliwa pedali inakwenda mpaka sakafuni. Katika matumizi ya kila siku pedali haifiki sakafuni kamwe. Wakati wa kubidi inafika kila mara, na raba inaburutwa juu ya vishimo na kutu kisha inarudishwa, mara kadhaa kwa kila gurudumu. Kila mara breki za gari hili zilipobidiwa kwa kudhaniwa zina hewa, mdomo wa raba ulikatwa zaidi. Pedali ilipanda kwa siku chache kwa sababu mafuta mapya yaliingia na breki shuu zikakazwa, halafu ikazama zaidi ya mwanzo, na watu wakasema hewa imerudi. Kipande cha mbao chini ya pedali, cha kuizuia isipite sehemu yake ya kila siku, kingeipunguzia masta hiyo mateso mengi. Kwenye gari la zamani ambalo hujui ndani yake, usibidi bila kipande hicho.

Baada ya hapo ikaja mashauri: kutengeneza au kubadilisha. Mwalimu alitaka kutengeneza, na sababu zake zilikuwa za heshima: masta hiyo ndiyo iliyokuja na gari. Kiti ya raba, yaani seti ya raba mpya, inapatikana na ni rahisi. Lakini kiti ya raba inatengeneza raba, haitengenezi ukuta. Ukipitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda na ukucha ukakwama, raba mpya itakatwa palepale ilipokatwa ya zamani. Wetu ulikwama. Kusugua kwa jiwe la kusawazisha kunaweza kuondoa madoa mepesi, lakini vishimo vya kina hiki vingetaka kuondoa chuma kingi mpaka kipenyo kizidi, na raba ya kipenyo cha asili ikalegea ndani yake. Huko ni kuhamisha tatizo.

Njia ya tatu ni slivu: mtu wa mashine ya lethi anaichonga silinda, anaingiza bomba la chuma kisichoshika kutu, kisha analisawazisha mpaka kipenyo cha asili. Naipenda njia hii kwa masta ambazo hazipatikani tena popote. Tatizo lake ni kile kitundu. Kinapaswa kutobolewa upya kupitia slivu, palepale kilipokuwa, chini ya milimita 1 kwa upana, na ukingo wake wa ndani usiwe na hata kinyweleo cha chuma, la sivyo unakata raba kila inapopita. Wapo wanaojua kufanya hivyo, lakini si kila lethi inayosema inaweza. Kwa breki pekee za gari, sikutaka kubahatisha.

Masta mpya za Beetle bado zinatengenezwa, kwa kuwa gari lenyewe lilitengenezwa kwa wingi wa ajabu, zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwezi Julai 2003. Hapo nikamletea Mwalimu hoja yangu ya kweli: kwa nini tusiweke ya njia mbili, ambayo inagawa magurudumu ya mbele na ya nyuma, upande mmoja ukifa mwingine unabaki?

"Mwalimu, gari hili lina njia moja. Hosi moja ikipasuka, unabaki na hendibreki tu."

"Hendibreki ipo, mwanangu, na inashika. Na mwendo wangu unaujua."

Hoja yake haikuwa tupu. Hendibreki ya Beetle inavuta waya mpaka magurudumu ya nyuma na haitegemei mafuta hata kidogo. Kubadilisha kunataka pia kikopo cha vyumba viwili, paipu mpya na waya za swichi. Na masta ya njia mbili tuliyoulizia ilikuwa ya kipenyo cha inchi 3/4, wakati ya gari hili ni 11/16. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa macho, lakini eneo la pistoni linaongezeka kwa takriban asilimia 19, na mguu lazima usukume zaidi kwa kiasi hicho ili kupata mgandamizo uleule. Gari halina busta, na mguu ni wa mtu mzima. Pedali ingekuwa fupi zaidi, ngumu zaidi. Kijana asingehisi, Mwalimu angehisi.

Kwangu mimi, uzito wa mguu si sababu ya kutosha. Gari hili lingekuwa linakwenda Mombasa kila wiki, kilomita 120 katikati ya malori na mabasi, ningekataa kufunga ya njia moja. Kwa mtu anayekwenda msikitini, sokoni na Watamu kwa mwendo wa kuongea na abiria, nilikubali, kwa sharti kwamba hosi zote zinabadilishwa na hendibreki inakazwa vizuri. Tukaagiza mpya ya njia moja, kipenyo 11/16, na ilipofika nilisoma namba iliyochongwa mwilini mwake kabla ya kusoma boksi.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, isipokuwa sehemu mbili. Nati za paipu zinaanzwa kwa vidole mpaka zizunguke bila kulazimishwa, na hapo tu ndipo spana inaguswa, kwa kuwa hesabu zilizoharibika kwenye masta mpya hazina dawa. Na kabla ya tone la mafuta kuingia, fimbo ilirudishwa urefu wake na mchezo wa milimita 1 ukapimwa. Kinachopaswa kusogezwa kuweka mchezo huo ni kizuizi cha pedali kilichofungwa sakafuni; fimbo si ya kuchezewa. Pia nilisafisha na kupaka grisi mhimili wa pedali, kwa sababu pedali isiyorudi yenyewe kikamilifu inakifunga kitundu kilekile, hata fimbo ikiwa sawa.

Breki shuu zilikazwa kwanza, kupitia tundu la dramu, mpaka gurudumu liguse kisha nikalegeza mpaka lizunguke huru. Ukibidi kabla ya hapo, pedali itakuwa ndefu na utafikiri bado kuna hewa. Mafuta yalikuwa DOT 4 kutoka chupa iliyofunguliwa hapohapo. Tone lililodondoka kwenye rangi ya buti liliondolewa kwa maji mara moja, maana mafuta haya hula rangi. Tulianza na gurudumu la nyuma la kushoto. Vitabu vingi vinasema anza la nyuma la kulia, lakini viliandikwa kwa magari ya usukani wa kushoto. Kwetu masta iko kulia, na lililo mbali zaidi ni la kushoto.

Nilirudia kipimo cha mguu mwepesi. Pedali ilisimama mahali pake. Taa za breki ziliwaka kwa mguso tu, zikiangaliwa kwenye ukuta mweupe wa gereji. Njia ya Watamu ilifanywa kwenda na kurudi, na dramu zilikuwa na joto la kawaida ambalo mkono unaweza kulivumilia.

Baada ya muda silinda ndogo ya gurudumu la nyuma kushoto ikaanza kulowana. Nilikuwa nimemwonya Mwalimu kwamba hilo lingewezekana. Raba iliyokuwa ikivumilia mgandamizo dhaifu sasa ilikuwa inapokea mgandamizo kamili kila siku, na iliyochoka zaidi ikajitokeza. Safari hii kikopo kilishuka chini ya alama ya wino, na aliniita siku hiyohiyo. Zilibadilishwa mbili za nyuma kwa pamoja, na breki shuu zilizoloa za upande huo zikatupwa, kwa sababu zikishanyonya mafuta ya breki hazisafishiki.

Masta ya zamani ameiweka nyumbani, akisema siku moja ataipeleka kutiwa slivu. Mafuta tumekubaliana yabadilishwe kila mwaka, ingawa vitabu vinaruhusu miwili, kwa ajili ya hewa ya huku. Hosi nne za mpira zimeagizwa na hazijafika. Suala la njia mbili nitalileta tena siku ya kuzifunga, maana paipu zitakuwa zimefunguliwa hata hivyo.